Namba ya Seini

Mwanangu Seini, uliye huko Auckland,

Mimi mzima, na viazi vikuu vyangu bado vinashinda vya kila mtu hapa kisiwani Lifuka.

Jumanne walikuja wataalamu kanisani kutufundisha tutaishije siku kompyuta na simu zetu zikizimika. Wakataka kila mtu aandike namba za simu za watoto wake kwenye karatasi, zisipotelee ndani ya simu.

Nikacheka. "Zangu ziko kichwani!"

"Haya, mzee Maka, tutajie ya Seini."

Kumbe siijui! Miaka sita nabonyeza picha yako tu kwenye simu. Nikasingizia kalamu haina wino, wakaangua kicheko.

Kukuuliza kwa simu naona haya. Njoo uiandike mwenyewe. Karatasi nimeibandika ukutani, bado nyeupe.

Baba yako,
Maka