Wino Wako Mwekundu Bado Uko Wodini

Shangazi Tabita, pokea shikamoo iliyoganda kwa baridi ya Njombe. Mimi niliyefika Lusaka mara mbili nimelazwa na jipu la mguu, tena katika wodi uliyofanyia kazi yako ya unesi!

Siku hizi wana kompyuta, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya babu. Nesi Upendo alivua viatu kwanza ndipo akaigusa.

"Kuna sindano inayokudhuru, kaka?"

"Ipo. Utotoni ilinivimbisha uso ukawa boga. Jina lake limenitoka."

"Lusaka umefika, jina la dawa hulijui?"

Wodi nzima ikacheka. Mashine haikuwa na habari zangu, na sindano ilishakuwa tayari kwenye sinia. Nikamsihi afukue daftari lako la zamani kabatini. Tukatafuta jina langu, hola. Ndipo nikakumbuka kwamba watoto wote ulituandika kwa majina ya mama zetu. Tukakuta, kwa wino mwekundu: "Mtoto wa Edina, mwenye maneno mengi. ASICHOMWE PENISILINI."

Sindano yenyewe ilikuwa hiyo hiyo! Nesi akairudisha, kisha akaingiza maneno yako kwenye kompyuta kwa kidole kimoja, herufi moja moja, hata "mwenye maneno mengi" hakuyaacha. Mimi nikabaki nanusa zile kurasa, zina harufu ya spiriti kama gauni lako ulipokuwa unatoka kazini. Machozi yakanitoka. Nikawaambia ni jipu.

Ota moto vizuri hapo Makambako, shangazi. Umestaafu, lakini jana ulinitibu.

Mwanao, Obadia