Mwandiko wa Mama Pacha

9 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo, na kifua cha mama kinaendeleaje? Mimi mzima, ila mikono imechubuka kwa sabuni.

Vijarida vyenu vimefika salama ndani ya sweta mliyonitumia. Nilidhani mtaipiga chapa barua yangu, kumbe mmeitoa kopi vilevile, na makosa yangu yote, hata pale nilipokata maneno! Niliona aibu, kisha nikacheka. Mama Pacha, ninayelala naye chumba kimoja bwenini na kumfundisha kuandika, alikisoma kimoja kwa sauti kule chooni. Alipofika pale nilipomtaja Jogoo, msimamizi wetu anayetushika tukiinama kutoa mashuka kwenye mashine za kufulia, wanawake walipiga vigelegele. "Leo Jogoo kanyonyolewa," akasema, "bado mchuzi."

Dada yako

30 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Mama anakohoa lakini anakula. Pole kwa mikono.

Tuko watano katika chumba cha nyuma kwa fundi cherehani. Tunakunja karatasi na kushona kwa sindano mpaka vidole vinatoboka. Mwenye duka la fotokopi alisoma ukurasa wako ukitoka, akazima mashine. "Hapa sitoi kopi za matusi." Fundi akamwuliza, "Tusi ni kushika watu, au kusema umeshikwa?" Tukahamia duka jingine.

Mwandiko wako tuliuacha makusudi. Tukichapa, watu husema tumekaa tukatunga. Mkono wa mtu haukanushiki. Tuandikie tena kwa ajili ya toleo la pili.

Mdogo wako

21 Aprili

Mdogo wangu,

Mama hajambo? Salamu nyingine leo sina.

Jogoo amekikuta kijarida. Bosi alitupanga foleni, kila mmoja akaandika sentensi moja kwenye kipande cha boksi. Mimi niliandika herufi kubwa, zimepindapinda kama za mtoto. Mama Pacha aliandika vizuri, kwa moyo wote, kama nilivyomfundisha. Hana mwandiko mwingine ila wangu.

Walilinganisha na kijarida, wakamfukuza papo hapo. Godoro lake lilitupwa nje ya lango. Alinitazama mara moja. Nami nikainama kwenye mashine yangu.

Jumatatu nakwenda kwa bosi kusema ni mimi.

Dada yako

28 Aprili

Dada,

Shikamoo. Usiende, nakupigia magoti.

Najua jalada letu limeandikwa "Hatunyamazi". Herufi zile nilizikata mimi kwa mkasi. Lakini ukifukuzwa, dawa za mama zitatoka wapi? Mama Pacha ameshaondoka, na maji yakimwagika hayazoleki. Kosa ni langu mimi niliyeuweka mwandiko wako. Wenzangu hawajui kwamba nakuandikia hivi.

Nyamaza, dada.

Mdogo wako

6 Mei

Mdogo wangu,

Natumaini mama anapumua vizuri. Barua yako imenikuta nimeshasema.

Bosi hakuinua hata uso. "Aliyefukuzwa kafukuzwa. Hoteli zinasubiri mashuka. Rudi kazini." Nilikwenda pale nimeshafunga begi langu, mdogo wangu. Kumbe ukweli wenyewe hakuna aliyekuwa anautafuta. Walitaka mtu wa kumtoa tu, na walishampata.

Lakini Jogoo alikuwa amesimama mlangoni. Nilipotoka akaniambia polepole, "Sasa tunajuana, mwandishi." Kuanzia kesho amenipanga chumba cha kukaushia, peke yangu. Ufunguo wa mlango wa chumba hicho anao yeye.

Mama Pacha hapokei simu yangu. Ana haki.

Sina kinyongo nawe. Wewe una mama mbele ya macho yako, mimi nina mlango ule. Ila safari hii usiniambie ninyamaze. Nyuma ya karatasi hii nimeandika jina kamili la Jogoo, na chini yake langu. Yachapisheni yote mawili, na mseme Mama Pacha hakuandika hata nukta. Msingoje karatasi nzuri.

Mama akiuliza, mwambie nimepewa kazi ya ndani, mahali penye joto.

Dada yako