Kama Thelathini na Nane za Bwana Ignas

Jumapili, 5 Agosti 1973
Eufrazia wangu kaja likizo! Kanisani wamemwangalia mpaka padri akakohoa. Wamwangalie! Mwanangu ndiye anayeiambia kompyuta ya Dar la kufanya, na mimi niliyemzaa niliishia darasa la nne.
Lakini hana raha. Kaja na bunda la makaratasi mapana, yana matundu pembeni. Wenyewe wanaita programu — maagizo ya kuiambia mashine kijiji gani kipewe mbegu gani ya mahindi. Kaiandika mkubwa wake wa kazi, Bwana Ignas. Mwaka jana Gairo, kwenye ukame wote ule, wakapelekewa mbegu ya milimani, inayochelewa kukomaa! Mpaka leo hakuna aliyeona kosa liko wapi.

Jumatatu, 6 Agosti
Eufrazia kainakili kwa Kiswahili kwenye daftari ili nami nione. Mama yangu! "Kama kijiji kiko juu, na kama mvua ni chache, ruka uende mstari wa 412." Ukifika huko: "Kama sivyo, rudi 90." Hata njia za kupanda mlima Lupanga hazizunguki hivi! Kacheka, mara ya kwanza tangu afike. Anasema kila "kama" ni njia panda, na njia panda zinahesabika. Tukahesabu kwa maharage. Fungu moja tu la maagizo — "kama" thelathini na nane! Yeye anataka fungu lisizidi kumi, anayesoma asipotee.

Jumatano, 8 Agosti
Anakata. Mvua fungu lake, udongo lake, mwinuko lake, kila moja na jina. Zile "kama" zilizorudiwa kafuta. Kubwa kuliko yote sasa lina saba. Nimesoma mwenyewe, nimeelewa! Nikamtambia jirani Shamsia. Eti, "Mama Eufrazia nawe! Juzi ulitambia cherehani, leo kompyuta?" Wivu tu.
Ila leo ndiyo Eufrazia kanitobolea siri. Bwana Ignas kasema mwanangu akiigusa kazi yake, atamrudisha kutoboa kadi za kulishia mashine, kazi ya wanaoanza. Eti inafanya kazi, ya nini kuipekua. Inafanya kazi! Awaulize watu wa Gairo. Nimemwambia mwanangu: malizia.

Jumamosi, 11 Agosti
Bwana Ignas yuko sebuleni! Anapita na Landrova kwenda Dodoma, kaja kuchukua makaratasi yake. Shikamoo kanipa, ya mbiombio. Kaona daftari, kamwambia Eufrazia mbele yangu: ukirudi, unakaa na watoboa kadi. Kisha akanigeukia. "Mama, haya mambo mazito, hayasomwi na kila mtu."
Hapo sikunyamaza. "Baba, mimi darasa la nne. Shika ya kwako, nishike ya mwanangu. Kijiji cha Gairo, mvua chache. Mbegu gani?"
Nikasoma kwa sauti. Mafungu matatu tu, jibu hili hapa — mbegu ile inayokomaa mapema. Chai yangu haijapoa.
Yeye bado. Dereva kapiga honi mara mbili. Nimekuja jikoni kupakua ugali, naandika huku nachungulia. Kidole kimefika ukurasa wa sita, kimerudi wa pili. Kimerudi tena. Kavua koti. Sasa anamwomba Eufrazia kalamu, aweke alama pale anapopotea. Eufrazia kaishika tu, bado hajampa; nadhani anangoja kwanza lile la watoboa kadi lifutwe —