Wiki Moja kwa Fundi wa Miguu

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, na kile kikohozi kimekwisha kweli kweli, si kwa maneno ya kwenye simu tu. Sisi hatujambo. Baba hajambo, tena hajambo kuliko unavyodhani, na ndiyo maana naandika.

Unajua shule ilitutawanya wiki nzima kwenye sehemu za kazi, kila mmoja akaonje kazi anayoiwazia kabla ya kujaza fomu ya kuchagua fani. Najua unangojea habari za ofisi ya wakili. Zitakuja, usinikatize. Nianze na Baba.

Jumatatu nilijikuta kwenye karakana ya viungo bandia, nyuma ya hospitali. Ni chumba kirefu chenye vumbi jeupe la plasta, na ukutani imetundikwa miguu ya kila kimo, mingine imevalishwa viatu. Fundi wa pale ni mama mmoja mwenye mikono mipana na maneno makali. Aliniuliza kama nimekuja kufanya kazi au kushangaa. Nikamwambia nyumbani tunao mguu kama ile ya ukutani, umelala uvunguni mwaka wa tatu kwa sababu unamuuma mwenyewe. Akasema mguu hauna meno, niulete.

Mama, niliubeba kwenye gunia bila kumwambia Baba. Fundi aliugeuza mara mbili tu, akasema mguu ni mzima. Ila kile kikombe kinamoingia kigutu cha mguu uliokatwa kilipimwa mapema mno, kabla uvimbe haujaisha, na sasa kinapwaya na kusugua. Miaka yote ile Baba alidhani kosa ni lake!

Jumanne akagundua. Alifoka mpaka jirani akazima redio asikie vizuri. Kisha akashika magongo, akaja karakana kuudai mguu wake. Alikuwa hajavuka geti tangu ajali, unajua mwenyewe, lakini hasira ilimtoa. Fundi alimsikiliza hadi akachoka, kisha akamwambia mguu atapewa akishapimwa, na mimi akaniamuru nikoroge plasta. Baba akanywea, akakaa.

Alhamisi kikombe kipya kilikuwa tayari, lakini kilimbana nyuma ya goti. Fundi akanipa msasa, akasema hiyo ni kazi yangu. Nilisugua, Baba akajaribu, akakunja uso, nikasugua tena. Mara ya tatu hakukunja uso. Alisimama katikati ya vyuma viwili vya kushikilia, akapiga hatua, akaachia mkono mmoja, halafu wa pili. Nililia, sikufichi, na Fundi akajifanya anatafuta bisibisi. Baba alitembea mpaka mlangoni, akauliza shuleni kwetu ni mbali kiasi gani, utadhani hajui.

Sasa nikuungamie. Kwa wakili sikwenda hata siku moja. Nilipoiona karakana kwenye orodha ya shule nilimfikiria Baba, nikabadilishana nafasi na mwenzangu wa darasani, ambaye anapenda ubishi kuliko chakula. Niliposema kwenye simu kwamba ofisini ni pazuri, nilikudanganya. Nisamehe, Mama. Najua ulivyohangaika kuniombea nafasi ile, na unavyowaringia wenzako kazini kwamba una wakili nyumbani. Lakini kwenye fomu nimeandika ufundi wa viungo bandia, tena kwa wino. Sijawahi kuwa na uhakika wa jambo namna hii.

Fomu yenyewe nimeikunja ndani ya bahasha. Inataka sahihi za wazazi wote wawili kabla ya mwisho wa mwezi. Ukitaka kunigombeza, nigombeze kwanza, halafu utie yako. Ya Baba utaiona imepinda kidogo. Jana alikwenda shuleni mwenyewe, kwa miguu miwili. Mwalimu mkuu akamkimbilia na kiti. Baba akakikataa, akasaini amesimama.

Pokea salamu za Baba, na za Fundi pia ingawa hamjaonana. Utunze kifua chako.

Ni mimi mwanao,
Kitinda mimba