Dau Langu na Careen

Xiaobei, Wilaya ya Yuexiu,
Guangzhou, China.
2 Desemba 2025

Mpendwa wifi yangu Zuwena,

Salamu nyingi zikufikie huko Ohio, wewe na shemeji Marijani na mwanangu Jaffari. Mgongo unaendeleaje? Baridi ya huko mimi huisikia kwenye simu tu nikatetemeka. Sisi tu wazima wa mwili. Kaka yako Abdulrazak anakula, analala, na kazi yake ya kusafirisha mizigo anaifanya. Kama kuna kilichoharibika ni roho yangu. Nimeona nikuandikie kwa sababu ofisi yetu ni chumba kimoja, nikipiga simu anasikia kila neno.

Wifi, nina wivu. Nakwambia mwenyewe kabla hujaambiwa na watu, maana mficha uchi hazai.

Unaijua ile kandanda yenu ya Kimarekani, yenye mpira wa umbo la yai. Wewe ndiye uliyempeleka kaka yako kuitazama alipokuja kukutembelea, kwa hiyo lawama ni zako. Alirudi nayo kama homa. Kwenu huko ni Jumapili usiku, huku kwetu ni Jumatatu saa tatu asubuhi, basi kila Jumatatu anashuka mgahawani kwa Flavia, hapo chini ya jengo letu, anawashiwa televisheni anakunywa chai yake. Alikuwa peke yake, nami sikuwa na neno.

Mwezi wa tisa akaingia Careen. Huyu ni Mkenya wa Nairobi, ananunua nguo soko la Shisanhang na mzigo wake alikuwa akipakia kwetu, nusu kontena kila mwezi. Mteja mzuri, sikatai. Kumbe alisoma Marekani na mpira ule anaujua. Siku ya kwanza aliketi meza ya jirani. Siku ya pili alikuwa meza ya mume wangu.

Kinachowapandisha mori ni jambo moja. Timu ikifikisha mpira mwisho wa uwanja inapata pointi sita, kisha kocha anachagua: mpira upigwe teke wapate moja ya karibu uhakika, au wachezaji wausukume tena wapate mbili, na wakizuiwa hawapati kitu. Hapo, kabla kocha hajaamua, kaka yako na Careen wanawekeana dau. Kamari hapa ni marufuku na kwetu ni haramu, kwa hiyo wanawekeana chapati. Najua utasema hata ya chapati ni kamari. Mwambie kaka yako.

Chapati ningezistahimili. Kilichonichoma ni kicheko. Umekua naye, unajua asubuhi hacheki. Tangu anioe, mimi asubuhi napewa "mm" na "haya". Kwa Careen anacheka mpaka anafuta machozi, anampangia vizibo vya soda mezani kumwonyesha wachezaji walivyokaa, na amempa jina, anamwita Kocha. Mimi hajawahi kunipa jina.

Nikajikaza kisabuni. Kila alipokwenda bandarini Huangpu kufuatilia kontena, mimi nilibaki na simu nikitazama mechi. Yale maswali niliyokuwa nikimuuliza shemeji Marijani, ukashangaa nimeanza lini kupenda mpira, sababu yake ndiyo hii. Shemeji ni mwalimu mzuri, Mungu amzidishie.

Jumatatu moja katikati ya Novemba nikavaa dera langu jipya, nikashuka, nikaketi katikati yao. Mechi ilikuwa inaelekea mwisho. Timu ya bluu ilikuwa nyuma kwa kumi na nne, ikapata sita, ikabaki nyuma kwa nane. Hapo mume wangu akatoka nje kupokea simu ya bandarini. Careen akasema kocha atachukua moja, hana njia nyingine. Nikamwambia atatafuta mbili. Akaniuliza kwa nini, kwa ile sauti ya kumuuliza mtoto. Nikamweleza: akizipata anabaki nyuma kwa sita, na wakifunga tena sita wanasawazisha, teke moja tu linampa ushindi; akizikosa, atatafuta mbili nyingine safari ya pili apate sare.

Akasema basi tuwekeane chapati. Nikamwambia chapati ale yeye.

"Nikishinda," nikasema, "mzigo wako peleka kwa wakala mwingine. Nikishindwa, mimi sitatia mguu hapa tena."

Tabasamu likamwisha usoni. Akautazama mlango aliopita mume wangu, akanitazama mimi, akanipa mkono. Kocha akatafuta mbili. Walizuiwa, hawakupata kitu, lakini dau letu lilikuwa juu ya uamuzi wa kocha. Careen akachukua mkoba wake, akasema, "Sawa, mama, umeshinda," akalipia chai akaondoka. Wiki hiyo hiyo marobota yake yakahamia kwa Jeremiah, wakala wa jengo la pili.

Nilifurahi, wifi, nisikudanganye. Siku hiyo nilipika pilau.

Kaka yako aliposikia habari za dau hakunigombeza. Heri angenigombeza. Anashinda Shisanhang akiomba mizigo ya kujaza nusu ya kontena iliyobaki tupu, na wenye maduka wanamjibu "meiyou", hakuna. Jumatatu iliyofuata hakushuka kwa Flavia. Nikampelekea chai ofisini, nikamwambia awashe simu tutazame wote, sasa najua kila kitu. Akasema amechoka. Nikaendelea kumweleza habari za kocha na mbili zake, hata vizibo nilikuwa nimeokota. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Muzdalifa," akasema, "si ungeniuliza mimi?"

Akarudi kwenye kazi yake.

Nibusie Jaffari, na shemeji mpe shukrani zangu za masomo. Ukimpigia Mama huko Tanga, mwambie viatu vya miguu yake inayovimba nimevipata, vinakuja na kontena hilo hilo. Mungu awape afya na awapitishie baridi salama.

Ila nakuomba kitu kimoja. Ukimaliza kusoma utataka kumpigia umuulize alikuwa na nini na Careen. Usimuulize. Kila asubuhi ananitazama akingoja swali langu, na mimi namuuliza sukari niweke kiasi gani. Kaka yako hajui kusema uongo, wifi. Nikimuuliza, atanijibu.

Mimi wifi yako, ninayekupenda pamoja na lawama zangu zote,
Muzdalifa