Walidhani Kuna Msiba

Mdogo wangu Nambua, joto la Kisiwani halijakumaliza? Huku Ugweno nalala na sweta. Mjukuu wetu Naelijwa amebakiza wiki mbili akimbie marathoni. Kila asubuhi anapanda mlima mbio, hajabeba hata ndoo, na bado anaogopa hatamaliza.

Juzi mama mmoja alimwona, akadhani kuna msiba. Akatupa jembe, akamfuata akilia. Naelijwa kusikia kilio nyuma, akazidisha mbio mpaka kanisani juu.

“Nani amekufa, mwanangu?”

“Hakuna, mama. Nafanya mazoezi.”

Alitukanwa vizuri, na mimi nikaongeza. Lakini anasema hajawahi kuupanda mlima ule upesi hivyo.

Basi siku ya mbio nitamlilia mimi. Nitumie kanga yangu nyeusi, na mbuzi wangu unaonichungia huko wanywe maji, mvivu wee.

Dada yako anayekupenda,
Nakiete