Sahani ya Bi Kuruthumu

Mtaa wa Mchikichi,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
Jumapili, 14 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Yasser,

Assalaamu alaykum. Hali yako vipi, na joto la Maskati, na ule mgongo uliokuwa ukikusumbua? Natumaini unalala vizuri na unakula chakula cha kupikwa, ingawa baada ya kuliona boksi lako nina wasiwasi. Sisi huku hatujambo, alhamdulillah. Mama magoti yanamsumbua kila akipanda ngazi, lakini ulimi wake mzima kabisa, na humu utaona ulimi huo umefanya nini. Habib mume wangu anakusalimu. Mwanetu Wafa ameng'oka jino la mbele na sasa hataki kucheka mbele ya watu.

Utashangaa kupata barua ya karatasi. Nikikutumia sauti kwenye simu unaisikiliza mbio mbio huku unaendesha gari, halafu unanijibu "sawa dada" kwa jambo ambalo halihitaji sawa. Hii itabidi ukae uisome. Nasor, yule aliyetuletea boksi lako, anarudi huko Jumanne, atakukabidhi mkononi pamoja na furushi la Mama. Furushi usilifungue kabla hujamaliza kusoma, tafadhali, nakujua.

Kwanza ahsante kwa boksi. Lilifika salama, tukalifungua sebuleni mkekani, sote tumelizunguka. Mama aliuliza kama ndani kuna neno la kusema unakuja lini. Nikamwambia hakuna, ni krispi tu. Jibu lako tunalijua, umeshatupa kila mwaka: mkono mtupu haulambwi, ngojeni nijipange. Mama akasema haya, nipe nionje.

Sasa nikupe maoni yangu, maana najua unayangoja, na hata kama huyangoji nitakupa. Zile za pilipili, za pakiti ndogo nyekundu, nazikubali. Pilipili yake inakuja taratibu, ina adabu. Za siki na chumvi si mbaya. Habib alimaliza pakiti nzima amefumba jicho moja, akasema hazipendi, akafungua nyingine. Za kuku wa kuchoma sikuzielewa. Kuku yuko wapi? Nimenusa, nimetafuna, nimesoma nyuma ya pakiti, kuku simwoni. Na zile za jibini na kitunguu, Yasser, ulikuwa na hasira gani na sisi? Nyumba ilinuka soksi mpaka Magharibi.

Halafu upepo. Pakiti kubwa kama mto wa kulalia, ukiifungua unakuta krispi zimejikunyata huko chini. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi nikiona pakiti ina rangi zote za kanga na picha ya mtu anayecheka, naingiwa na shaka. Mama alionja moja moja ya kila aina, akanywa maji, akasema viazi vya watu vimeonewa.

Lakini zile za pilipili zilinirudisha mbali. Unamkumbuka yule mzee wa mihogo getini kwa shule, aliyekuwa anaipasua kwa kisu, anaipaka chumvi na pilipili kwa kipande cha ndimu? Na karanga za kwenye kikunjo cha gazeti, unazimaliza huku unasoma matokeo ya mpira yaliyoloa mafuta? Wewe ulikuwa na tabia yako ya kukinga kiganja, unamimina lile vumbi la mwisho, unalamba, halafu unakuja kuniibia la kwangu. Mpaka leo sijapata mtu mwingine wa kugombania naye vumbi la krispi. Habib ni mstaarabu mno.

Siku hizi mtaani krispi za mihogo zinauzwa kila kona, kwenye vifuko vyeupe, vijana wanapita nazo mpaka madukani. Nimejaribu za wengi. Nene, hazina uchachu, na wengine wanakaanga mihogo ikiwa bado na maji, unatafuna unasikia kama unakula kadibodi. Wafa anazipenda. Sina la kumfanya, ndizo alizozikuta.

Wewe na mimi tunajua kwamba vya kutafuna vya kweli mtaani kwetu vilikuwa viwili tu: krispi za mihogo za Mama, na tambi za dengu za Bi Kuruthumu wa nyumba ya pili. Mama anakata muhogo mwembamba mpaka unaona mwanga upande wa pili, anaukausha kwa kitambaa, na akishakaanga ananyunyizia pilipili na unga wa embe bichi alilolianika mwenyewe. Bi Kuruthumu naye anazikamua tambi zake kwa mkono, na kipimo cha binzari nyembamba anakijua yeye peke yake. Alasiri sahani inatoka kwao inakuja kwetu, imefunikwa kawa, na kesho yake inarudi na mihogo. Sahani ya jirani hairudi tupu, hilo tulifundishwa kabla ya kufundishwa kusoma.

Ugomvi wao unaujua juu juu, maana ulikuwa umeshaondoka. Ilikuwa Ramadhani. Bi Kuruthumu alileta tambi, Mama akazionja baada ya futari mbele ya wageni, akasema zinanuka mafuta ya jana. Basi. Maneno hayo yalitangulia kutoka mlangoni, wageni wakafuata. Kesho yake asubuhi Bi Kuruthumu alipita barazani kwetu bila salamu. Mdomo uliponza kichwa.

Na sahani yake ikabaki kwetu. Hapo ndipo mambo yalipokwama, na asiye wa kwetu hawezi kuelewa. Mama hawezi kuirudisha tupu, kwa sababu hiyo ni kumtukana mtu mara ya pili. Kuitia kitu hataki, kwa sababu hiyo ni kuomba radhi. Bi Kuruthumu naye hawezi kuja kuidai, maana nani anadai sahani? Ikakaa kabatini, ile ya bati yenye maua mekundu, miaka na miaka. Kila nikisafisha kabati naipangusa na yenyewe, Mama ananitazama, kisha anatazama pembeni. Wakikutana njiani kila mmoja anaanza kuikagua kanga yake.

Mwezi uliopita ikaja habari. Nyumba ya kina Bi Kuruthumu inavunjwa lipande ghorofa, kama yalivyopanda mengine yote, na Uledi mwanawe amemjengea mama yake Kigamboni. Siku ya kuhama ikapangwa Jumamosi, yaani jana. Mama alipoambiwa alisema Mungu awape heri, akaingia jikoni kupika chai. Chai hiyo haikuwa na sukari, naye aliinywa yote bila kugundua. Roho iliniuma. Nilijua yule mwanamke akiondoka huku sahani iko kabatini kwetu, Mama ataibeba moyoni mpaka anaingia kaburini.

Basi nikafanya nilivyofanya. Jumatano, Mama alipojilaza baada ya Adhuhuri, niliitoa sahani, nikamimina krispi zako za pilipili, nikazipanga vizuri, nikafunika kawa, mimi huyo nikaenda. Bi Kuruthumu alikuwa amekaa juu ya godoro lililofungwa kamba, vitu vyote vimeshafungashwa. Nikamwambia Mama anakusalimu. Akafunua, akachukua krispi moja, akaitazama juu na chini, akaila polepole. Akanishukuru kwa adabu zote, akaulizia magoti ya Mama. Nilirudi nyumbani kifua mbele, najiona mpatanishi mkubwa.

Kesho yake asubuhi Uledi akapiga hodi. Mkononi ana sahani ile ile, imejaa tambi mpaka zinamwagika, bado za moto. Sahani ni yake Bi Kuruthumu, angeweza kukaa nayo kimya na yakaisha. Lakini alifungua jiko lililokwisha kufungwa, akakaanga. Na Mama ndiye aliyefungua mlango. Uledi akasema mama yake anashukuru sana kwa krispi, ila safari hii zimekosa embe.

Nilidhani nitagombezwa kwa kutoa sahani bila ruhusa. Wala Mama hakuligusa hilo. Alisimama nayo mkononi, akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Umempelekea Kuruthumu vitu vya pakiti kwa jina langu?"

Nikakubali. Nikaambiwa na mengine ambayo sitayaandika, kwa sababu Nasor anaweza kuchungulia. Kwamba nimemzeesha kabla ya siku zake, kwamba sasa mtaa mzima utasema Nour hawezi tena kukata muhogo. Wallahi, Yasser, ugomvi wa miaka yote hiyo aliusahau palepale, kilichomkera ni zile krispi. Akavaa buibui, akaenda sokoni kwa magoti yale yale, akachagua mihogo mwenyewe na kumrudishia muuzaji yote yenye nyuzi. Akakaa jikoni kukata. Mimi niliruhusiwa kukausha tu. Katikati ya kazi nikamwona anadokoa tambi za Bi Kuruthumu, anatafuna, anadokoa tena. Juu ya mafuta hakusema kitu.

Alasiri alipeleka mwenyewe, kwenye sahani ile ile ya bati, mimi nyuma yake. Walisalimiana salamu ndefu, ya miguu na migongo na watoto na wajukuu, kila mmoja anamngoja mwenzake aanze. Mwishowe Mama akasema, "Kuruthumu, ile siku nilisema tambi zako zina mafuta ya jana. Nisamehe."

Bi Kuruthumu alikuwa na muhogo mdomoni. Akautafuna mpaka mwisho, akafuta vidole kwenye kanga. "Hayakuwa ya jana, Nour. Yalikuwa ya juzi."

Kumbe alinuna kwa sababu ni kweli! Ramadhani ile mafuta yalimpungukia, akasema ngoja niyatumie tena, nani atajua. Mama alicheka mpaka akatafuta pa kukaa, akaketi pale pale kwenye godoro. Bi Kuruthumu akacheka, akalia, akacheka tena. Walimaliza ile mihogo wenyewe, hawakunikaribisha hata mmoja. Nami nililia, sikufichi.

Jana ndiyo wamehama. Kirikuu ilipakiwa asubuhi, Bi Kuruthumu akawekwa mbele pamoja na dereva. Mama akatoka ndani na sahani yake ya kaure, moja ya zile za ukingo wa dhahabu alizoolewa nazo, ambazo wewe na mimi tulikatazwa hata kuzigusa. Ameijaza mihogo ya njiani. Bi Kuruthumu akasema hawezi kuipokea. Huko anakokwenda jiko bado halijawekwa, hajui lini atapika, hajui lini atavuka kuja mjini, sahani ya mtu itakaa. Mama akaingiza mkono dirishani, akamwekea mapajani.

"Irudi hata tupu," akamwambia. "Ila uilete mwenyewe."

Nimeishi na mwanamke huyu maisha yangu yote, sijawahi kumsikia akisema sahani irudi tupu. Bi Kuruthumu aliishika kwa mikono miwili mpaka gari linakata kona.

Tuliporudi barazani Mama alikaa, anautazama mlango wa jirani uliofungwa. Nilidhani atalia. Akaniuliza kama nimeshakuandikia. Nikasema bado. Akasema, mwandikie na mdogo wako neno lile lile nililomwambia Kuruthumu. Kisha akaingia ndani kutafuta gazeti la kufungia furushi, na chai ya jioni ilikuwa tamu kupita kiasi.

Ami Sadalla msalimie sana, mwambie dua zake tunazihitaji. Binti yake Nasreen mwambie ile kanga aliyoagiza nimeipata, nimempa Nasor. Huku wote wanakusalimu, na Wafa anasema ukija umletee zile za pakiti nyekundu, za jibini uzile mwenyewe. Mwenyezi Mungu akulinde, akufungulie riziki yako, na akukutanishe nasi uso kwa uso tukiwa wote wazima, amin.

Sasa unaweza kufungua furushi. Juu kabisa utakuta mihogo ya Mama, ina embe la kutosha. Vumbi lililobaki chini ni lako lote, safari hii sigombanii. Chini yake, ndani ya kanga, kuna sahani ya kaure yenye ukingo wa dhahabu, mwenzi wa ile iliyovuka kwenda Kigamboni. Nasor nimeshamwambia asikubali kuirudisha yeye.

Mimi dada yako, ninayekupenda hata baada ya zile za jibini,

Hamdiya